Tone la Damu na Mashine ya Sukari

Leo tuzungumze juu ya ile mashine ndogo ya kupima sukari.

Hapo zamani mkojo ulichemshwa pamoja na dawa, kisha watu wakangoja rangi ibadilike. Mwaka 1956, Leland Clark wa Marekani alieleza chombo cha umeme cha kupima oksijeni katika damu. Mwaka 1962, yeye na Champ Lyons walikiongezea kimeng'enya kinachovunja sukari. Kimeng'enya hicho kikifanya kazi hutumia oksijeni. Oksijeni ikipungua umeme nao hubadilika, na kiasi cha sukari hujulikana. Mwaka 1987, mashine ya umeme yenye ukubwa wa kalamu ilianza kuuzwa.

Hayo yakuhusu nini? Mtoto mwenye kisukari hunywa maji sana, hukojoa mara kwa mara, hukonda na kuchoka. Ni rahisi kudhani ni malaria. Akitapika au kupumua kwa nguvu, usingoje kesho. Mpeleke hospitali upesi, nawe uulize: "Daktari, mmempima sukari?"

Tone moja tu la damu laweza kumwokoa mwanao.