Gofu Si Hame: Kilwa Kisiwani na Watu Wake

Kiswahili kina maneno mawili ambayo vipeperushi vya utalii huyachanganya kila mara. Gofu ni jengo lililobomoka likabaki kuta. Hame ni mahali palipohamwa, watu wakaenda zao na kupaachia msitu. Mji unaweza kuwa na magofu kila hatua na usiwe hame hata siku moja. Kilwa Kisiwani ni mji wa namna hiyo, na bado karibu kila maelezo mafupi yanayomwalika mgeni avuke kutoka Kilwa Masoko humwambia kwamba anakwenda kutazama mji uliokufa.

Mgeni akivuka huona mengine. Chombo kinaposogea pwani, Gereza, yaani ngome ya kale, linasimama mbele yake limeelekea bahari. Nyuma ya ngome hiyo kuna nyumba za udongo, nyavu zimeanikwa, minazi na miembe, na njia ya kwenda Msikiti Mkuu inapita kando ya mashamba ya watu walio hai. Wenyeji humsalimu, naye huitikia, kisha husoma tena kwenye kipeperushi chake kwamba hapa pamehamwa.

Hadithi ya awali haina haja ya kurudiwa kwa urefu, kwa kuwa kila aliyesoma historia shuleni anaijua: Ali bin al-Hasan na nguo zilizozungushiwa kisiwa kuwa bei yake, dhahabu ya Sofala, sarafu za shaba zenye majina ya masultani, jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pande nane, na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake. Kisha inakuja Julai 1505. Francisco de Almeida anashusha askari, mji unaporwa, na kitabu kinafungwa hapo.

Kuna pia ugomvi wa zamani kuhusu waliojenga: Washirazi au Waafrika? Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa juzuu mbili kubwa mwaka 1974, aliupa mji sura ya koloni la biashara la Kiislamu kutoka ng'ambo. Waliomfuata wamemjibu vya kutosha. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani, ukaonyesha kwamba wengi walikuwa na nasaba ya Kiafrika, hasa kupitia mama, pamoja na nasaba ya Kiajemi kupitia baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Wazee wa pwani walikuwa wakisema hivyo siku zote: tumechanganyika. Mjadala huu umekula karatasi nyingi mno, na umewafanya wasomi wautazame mwanzo wa Kilwa kwa darubini na kuusahau mwisho wake, ambao kwa kweli haujafika.

Baada ya 1505 Wareno walijenga ngome yao, wakakaa, na mwaka 1512 wakaiacha. Kama kuna waliohama Kilwa, basi kwanza ni wao. Ni kweli kwamba biashara ilidhoofika na matajiri wengi wakatawanyika, na mwaka 1587 Wazimba waliushambulia mji kwa ukatili mkubwa. Hata hivyo mji ulibaki, na ushahidi wa kubaki kwake umo katika karatasi chache ambazo Mswahili wa kawaida hajawahi kuambiwa habari zake.

Karatasi hizo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Ndizo nyaraka kongwe zaidi za Kiswahili zinazojulikana hadi leo. Na miongoni mwa waliozituma ni mwanamke aliyekuwa mtawala wa Kilwa, Mfalme Fatima binti Muhammad.

Hapo panafaa kusimama. Miaka mia mbili na sita baada ya Almeida, katika mji ambao vitabu vimeshauzika, kuna mfalme mwanamke na siasa zake za kupima Wareno upande mmoja na Waomani upande wa pili. Kuna mwandishi aliyekaa kitako na kalamu yake, akaandika Kiswahili bila kuona haja ya kukifasiri kwa Kiarabu. Lugha inayosomwa katika ukurasa huu ina hati yake ya kale zaidi kutoka kisiwa hicho, tena kutoka kipindi ambacho kinaitwa cha giza. Ni vigumu kuelewa kwa nini jambo hili halikuandikwa kwa herufi kubwa katika kila kitabu cha Kiswahili cha sekondari.

Katika karne hiyohiyo ya 18 jumba la Makutani lilipanuliwa. Kuta zake ndefu, anazozipiga picha mtalii akidhani ni za enzi za dhahabu ya Sofala, kwa sehemu kubwa ni za wakati huo. Gereza lenyewe kwa sura yake ya sasa lilijengwa upya na Waomani kiasi cha mwaka 1800, juu ya mabaki ya ngome ya Wareno. Kwa hiyo jengo la kwanza analoliona mgeni anayekwenda kutazama mji uliokufa mwaka 1505 limejengwa karne tatu baada ya kifo hicho.

Uamsho huo wa karne ya 18 ulikuwa na bei, na asiyeitaja anawadhulumu waliolipa. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice: watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, na piasta 2 juu yake kwa Sultani. Watu walitoka bara, wakapitishwa hapa, wakapelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Ufaransa. Mradi wowote wa kuifufua Kilwa unaozungumza dhahabu ya karne ya 14 na kunyamaza kuhusu watumwa wa karne ya 18 umechagua nusu ya historia iliyo rahisi kuuza. Karne ya 19 yenyewe ni ya Kilwa Kivinje, bara. Sultani wa mwisho wa kisiwani alipelekwa uhamishoni Maskati katika miaka ya 1840. Watu wa kawaida walibaki na mashamba yao na makaburi yao.

Sasa kuhusu kukarabati. UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 iliyaweka pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sababu zilionekana kwa macho: mawimbi yalikuwa yamekula Gereza upande wa baharini, maji ya mvua yalikuwa yakiporomosha udongo wa jabali ambalo Husuni Kubwa imesimama ukingoni mwake, na mizizi ilikuwa imejipenyeza ndani ya kuta. Fedha na wataalamu walikuja kwa nyakati tofauti kutoka Ufaransa, Japani, Norwei na Marekani, na shirika la World Monuments Fund likaingia pamoja na Idara ya Mambo ya Kale. Mwaka 2014 Kilwa ikaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari.

Ripoti huandika ushindi huo kwa majina ya wafadhili. Lakini ukuta wa matumbawe haukarabatiwi kwa hundi. Unakarabatiwa kwa chokaa, na chokaa ina wenyewe. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa na kuachwa ule hadi chini. Mawe yaliyoiva humwagiwa maji, yakafumuka na kugeuka unga mweupe, kisha chokaa huachwa ilale muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Fundi mwenye haraka huleta saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe lenyewe: hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache jiwe huoza nyuma ya kiraka kilichobaki kizima. Chokaa hupumua pamoja na ukuta. Ujuzi huu wa kuchoma, kulaza na kusiliba haukuletwa Kilwa na mradi wowote. Waashi wa pwani walirithishana, na mradi wenye akili ni ule uliokwenda kwao kuomba.

Vivyo hivyo bahari. Kilichokuwa kikilinda ufuo wa Gereza ni mikoko, na ilipokatwa mawimbi yakapata njia. Dawa ilikuwa kuzuia maji kwa mawe na kupanda mikoko upya, kazi ya kuingia topeni wakati wa maji kupwa na kuchomeka miche mmojammoja. Anayeweza kuiangalia miche hiyo mwaka hadi mwaka ni mtu anayeamka kila siku kando yake. Mikoko hiyohiyo iliwapa wajenzi wa kale boriti za dari, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba: ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili ni virefu na vyembamba, vipana kiasi cha mita mbili na nusu au tatu tu. Mkoko na ukuta ni jengo moja.

Wapo wanaosema kwamba kukarabati ni fikra ya kigeni, kwamba wenyeji waliacha kuta zianguke hadi mzungu alipokuja na kamera. Msikiti Mkuu unawajibu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Tarikh ya Kilwa, kitabu cha kale cha historia ya mji huo, inasimulia kwamba msikiti ulianguka, ukakaa hivyo kwa miaka mingi, hadi Sultani Sulaiman bin Muhammad alipoujenga upya katika karne ya 15. Nguzo na kuba anazotembea chini yake mgeni leo ni za ukarabati huo. Watu wa Kilwa walikuwa na gofu la msikiti katikati ya mji, na wakaamua kulisimamisha tena, miaka mia tano na zaidi kabla ya UNESCO kuzaliwa.

Siku hizi usimamizi wa magofu uko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, na meli kubwa za watalii zimeanza kutia nanga karibu. Hilo ni jema kwa mapato. Ila chombo kilichozoea kutunza pori lazima kijue kwamba hapa hakitunzi pori. Kilwa Kisiwani ni kijiji chenye wakulima na wavuvi, na mtu anayelima jirani na Makutani hajavamia urithi wa mtu. Wanaotembeza wageni, wanaochoma chokaa, wanaofyeka vichaka na wanaouza chakula wapate fungu linalohesabika la kiingilio, nao wawe na sauti katika kamati kabla fundi hajatia mwiko kwenye chokaa, siyo baada ya kazi kwisha.

Na kuna jambo moja dogo, lisilohitaji mfadhili mkubwa. Wizara ya Maliasili na Utalii iombe Goa picha nzuri za barua za 1711, ziwekwe kisiwani mahali pa kushukia, maandishi ya asili juu na herufi za Kirumi chini yake, ili mtoto wa Kilwa na mgeni wake wasome pamoja jina la Mfalme Fatima kabla hawajafika kwenye ukuta wa kwanza.