Kula juu ya mchanga: desturi ya jani huku Isangi

Ukishuka mto Kongo kutoka Kisangani kama kilomita 125, unafika Isangi, pale mto Lomami unapoingia ndani ya mto mkubwa. Maji yakipungua, mafungu ya mchanga yanatokea katikati ya mto, na watu wanahamia pale: wavuvi, wake wao na watoto, pamoja na nyavu na mitego. Wanavua, wanakausha samaki, wanapika, wanakula pale pale. Siku hizi vijana wetu wakivuka na mtumbwi siku ya Noeli, Bonane ao Juni 30, wanasema wanaenda pikiniki. Jina ni la Kifaransa, lakini jambo lenyewe ni la zamani.

Watu wa pwani wana neno lao, mandari. Huko Zanzibar kuna pia vunja jungu, siku watu wanapotoka kula pamoja mbele ya Ramadhani kuanza. Kiswahili kilitufikia sisi kwa mkono wa watu wa Tippu Tip, lakini maneno hayo ya furaha hayakupanda nacho. Stanley alipita mbele ya mdomo wa Lomami mwaka 1877. Aliporudi mwaka 1883 alikuta vijiji mingi vya mto vimechomwa na wawinda watumwa. Mwaka 1887 Tippu Tip akawekwa kuwa gavana wa Stanley Falls. Nyuma yake shule na misioni zikaleta neno pikiniki. Basi tulikosa neno kwa muda mrefu, lakini kula nje tulikuwa nako.

Tuangalie namna wazee walivyokula. Walokele ni watu wa mto. Samaki walikuwa nao, muhogo wakautafuta kwa watu wa pori, kama Waturumbu na Watopoke. Walikutana sokoni kando ya mto, wakabadilishana: samaki kwa kwanga. Na kwanga ile ilikuja imefungwa ndani ya majani ya mangongo, majani mapana yanayoota porini. Kwa hiyo chakula cha mchangani kilikuwa cha pande mbili, samaki wa huyu na jani la yule. Bila pori, mtu wa mto hakula vizuri.

Liboke njo chakula chenyewe cha safari, kwa sababu hakiombi sufuria. Unapitisha majani juu ya moto kidogo ili yalainike yasipasuke. Unayapanga matatu ao manne, unaweka samaki aliyesafishwa, chumvi, pilipili, kitunguu na mafuta ya mawese. Unakunja, unafunga na kamba ya kekele, unaweka juu ya makaa. Jani la nje linaungua, la ndani linabaki na maji yake, samaki anaiva kwa mvuke. Ukifungua, jani lile lile linakuwa sahani. Ukisikia kiu, jani lingine unalikunja kama koni, unachota maji. Mkimaliza, majani yanatupwa. Maji ya mto yakipanda tena yanabeba yote, na hakuna anayejua kama mlikaa pale.

Hapa lazima tuseme ukweli. Mara mingi tunasikia kwamba wazee walikuwa wasafi na vijana wa leo ni wachafu. Sisi hatukubali hivyo moja kwa moja. Wazee nao walitupa. Kuna na waliovua kwa kutia sumu ya mimea ndani ya vijito, wakaua samaki wakubwa na wadogo. Kilichoweka mchanga safi kilikuwa jani kuliko moyo wa mtu, kwa kuwa kila walichokitupa kilioza. Mkono uliotupa jani njo mkono ule ule unaotupa sashe leo. Desturi ya kutupa ilibaki, kitu cha kutupa kikabadilika.

Na kimebadilika kabisa. Maji ya kunywa yako ndani ya sashe, chumvi ndani ya sashe, biskuti vilevile. Hata kwanga sokoni, zingine zimefungwa kwa plastiki. Kisha sikukuu, mchanga unabaki na chupa na masashe. Maji yakipanda yanayabeba, lakini hayawezi kuyaozesha. Yanafika ndani ya nyavu za wavuvi wa chini. Wengine wanayachoma pale pale, na moshi wake mbaya wanauvuta watoto.

Serikali yetu ilitoa dekreti tarehe 30 Desemba 2017, ikakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na masashe ya plastiki. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Sheria ni nzuri, lakini karatasi haishuki mto peke yake. Lazima mtu aishike mkononi.

Tusisahau pia kwamba jani si la bure. Kuna mama aliyeingia porini kulikata, akalibeba kichwani hadi sokoni. Sashe ilishinda kwa sababu ilikuja rahisi. Kama tunataka jani lirudi, tulipe bei ya huyo mama bila kumgombeza. Na tulinde pori lenyewe. Yangambi, ambako Wabelgiji waliweka kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo mwaka 1933, iko ndani ya teritwari yetu ya Isangi. Ina hifadhi ya biosfera na akiba kubwa ya mimea iliyokaushwa. Lakini jani lililokaushwa ndani ya karatasi halifungi samaki. Pori likisogea mbali, jani nalo linasogea.

Basi, wewe unayeenda mchangani sikukuu inayokuja, fanya hivi. Beba kwanga na lituma zilizofungwa kwa majani. Maji tia ndani ya bido, vikombe vitoke nyumbani. Washa moto juu ya mchanga mtupu, si kwenye mizizi ya mti, na mbele ya kuondoka uzime kwa maji. Usikae pale wavuvi wanapoanika samaki bila kuwaomba. Mifupa na majani vitaoza. Lakini chochote ambacho hakiozi, kama kilipanda ndani ya mtumbwi pamoja nawe, kirudi pamoja nawe.

Wazee hawakutuachia sheria juu ya plastiki, kwa kuwa hawakuijua. Walituachia mchanga mweupe. Kazi ambayo jani lilikuwa linawafanyia, leo ni sisi tunapaswa kuifanya kwa akili na kwa mikono yetu, ili watoto wetu nao wakute mahali pa kukaa na kula.