Chukudu, taksi na mteremko wa bure

Sisi tuliokulia Musienene tulijua chukudu kabla ya kujua gari. Ilienea Kivu Kaskazini miaka ya 1970: mbao ngumu, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, na mpini wa kuiongoza. Freni yake ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga, kinasugua, basi. Viazi na kabichi vingi vimefika Butembo namna hiyo. Kwa kuwa haina moteri, kila mteremko ni wa bure. Goma waliijengea hata sanamu, mwaka 2009.

Gari nalo zamani lilisimamishwa kwa nguvu za mguu wa shofa tu. Katika miaka ya 1920, Albert Dewandre (Mbelgiji, ndiyo!) akabuni kifaa cha kumsaidia: moteri inapovuta hewa, mvuto ule unauongezea mguu nguvu. Bosch wakakichukua na kukiuza. Mwaka 1951, Chrysler ya Marekani ikaleta sokoni gari ambalo usukani wake pia unasaidiwa na moteri.

Siku moja nilikuwa katika taksi iliyojaa, magunia ya viazi nyuma. Tulipoanza kushuka, shofa akazima moteri. Nikamwambia, "Papa, washa tu." Akajibu, "Kijana, esansi iko bei." Freni ya kwanza ikashika. Ya pili, kidogo. Ya tatu, pedali ikawa ngumu kama jiwe na usukani mzito, na mbele yetu mama mmoja na kuni mgongoni. Tuliparua ukingo wa udongo ndipo tukasimama. Mama yule akageuka, akatuangalia, akaendelea na njia yake.

Freni zilikuwa nzima. Moteri ikizimwa, kile kifaa kinabaki na mvuto wa kukanyaga mara moja au mbili, tatu kwa bahati. Ukichomoa ufunguo ndiyo mbaya zaidi, gari nyingi zinafunga usukani. Chukudu haina shida hiyo, haijawahi kusaidiwa na kitu. Kwa gari, unashuka moteri ikiwaka, ndani ya gia ya pili au ya kwanza. Moteri yenyewe inalizuia, na freni hazichemki.

Na ile esansi? Gari za injeksheni, kama lile lake, hukata mafuta zenyewe ukiachia aksereta ukiwa ndani ya gia. Nilimweleza tulipofika Butembo. Akaniomba nirudie mbele ya wenzake pale parkingi.