Pedi ya kipanya: jinsi ya kuchagua inayofaa michezo ya kompyuta

Mchezaji analenga, anasogeza kipanya, lakini alama ya kulengea inaruka pembeni. Wengi hulaumu kipanya na kwenda kununua kingine. Mara nyingine kosa liko chini yake: meza au pedi. Kabla hujatoa fedha, tuangalie mambo machache.

Kipanya huonaje?

Chini ya kipanya cha kisasa kuna taa ndogo na kamera ndogo. Kamera hiyo hupiga picha maelfu kwa sekunde moja na kuzilinganisha ili kujua mkono umeelekea wapi. Kwenye kioo au meza inayong'aa, mara nyingi hukosa alama za kufuata, ndipo mshale hurukaruka. Jaribu kuweka karatasi nyeupe chini ya kipanya. Mshale ukitulia, ujue tatizo ni meza, na kipanya chako ni kizima.

Kitambaa au plastiki?

Pedi ya kitambaa yenye mpira chini huzuia mkono kidogo, hivyo ni rahisi kusimama pale unapotaka. Huwafaa wengi wanaocheza michezo ya kulenga shabaha, kama Counter-Strike. Pedi ya plastiki ngumu huteleza kwa wepesi, ila hupiga kelele na humaliza haraka vipande laini vilivyo chini ya kipanya. Kwa anayeanza, tunashauri kitambaa.

Ukubwa

Usikisie, pima. Fungua mchezo, sogeza kipanya mpaka mchezaji wako azunguke duara zima, kisha pima kwa rula umbali uliosogeza. Ikiwa ni sentimita 40, kugeuka nyuma kunahitaji sentimita 20 kila upande kutoka katikati. Pedi yenye upana wa sentimita 45 itakutosha. Anayezungusha duara kwa sentimita 15 hana haja ya kulipia pedi kubwa.

Dukani angalia haya

Sukuma pedi kwa kiganja juu ya meza, ikiteleza, iache. Tazama kingo: zilizoshonwa uzi pembeni hazifumuki upesi. Ilaze mezani uone kama inatulia bila kujikunja. Unene wa milimita 3 au 4 husaidia meza isiyo sawa. Taa za rangi hupendeza macho, lakini hazimsaidii mtu kulenga.

Utunzaji

Vumbi, jasho na mafuta ya mikono hufanya kitambaa kiwe kizito. Kama pedi haina taa wala waya, ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, usiikamue, uianike kivulini. Usiitumie mpaka ikauke kabisa.

Na kama fedha haijapatikana, kitambaa kisichong'aa kilichobanwa vizuri juu ya meza kitakufikisha. Pedi nzuri huondoa kikwazo tu. Shabaha yenyewe huja kwa mazoezi.