Nimempeleka Kant kwenye mahakama yake mwenyewe

Wiki jana binamu yangu alinikuta nikisoma Immanuel Kant. Akaniangalia, akauliza, "Buda, si huyu ndiye alisema mtu mweusi hana akili? Na wewe uko hapa unampigia mistari kwa kalamu?"

Sikuwa na jibu la haraka, manake hakuwa amekosea. Sasa hili ndilo jibu langu. Limechelewa, lakini limefika.

Tuanze na jamaa mwenyewe. Kant alizaliwa mwaka wa 1724 mjini Königsberg, wakati huo ukiwa Prussia. Leo mji huo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Babake alikuwa fundi wa ngozi, wa kutengeneza hatamu za farasi, kwa hivyo hakuzaliwa kwa wadosi. Alisoma hapo, akafundisha hapo, akafa hapo mwaka wa 1804. Ukitoa miaka michache aliyofunza watoto wa matajiri huko mashambani, hakutoka. Shika hilo, tutalirudia.

Enzi zake Ulaya ilikuwa na ubishi mmoja mkubwa: binadamu anajuaje kitu? Kambi ya kina Descartes na Leibniz ilisema akili ikifikiri vizuri inaweza kufikia ukweli wa mambo makubwa bila kungoja macho na masikio. Kambi ya kina Locke ikasema zii, yote tunayojua yameanzia kwa yale tuliyoona, kusikia na kugusa.

Halafu akaja David Hume, Mskoti, akapindua meza. Hebu fikiria swichi ya taa. Unabonyeza, taa inawaka. Umeona kidole, umeona mwanga. Je, umeona kile kitu kinachofanya cha kwanza kilazimishe cha pili? Hujaona. Hume anasema umezoea tu. Na kama unaamini kesho ukibonyeza ni lazima taa iwake, basi wewe hujawahi kuishi Kenya.

Mwaka wa 1783 Kant alikiri kwamba ni Hume aliyemwamsha usingizini. Kama sababu na matokeo ni mazoea tu, basi hata sayansi ya Newton, ambayo Kant aliiheshimu sana, imesimama juu ya mchanga. Alikaa takriban miaka kumi bila kuchapisha kitu kikubwa, akilitafuna swali hilo. Mwaka wa 1781 akatoa kitabu kizito ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita Uhakiki wa Akili Safi, yaani akili ikiwa peke yake, kabla ya uzoefu.

Wazo lake ni hili. Simama stage saa kumi na mbili jioni. Masikio yanapokea kelele, macho yanapokea rangi. Zikiwa peke yake hizo ni vurugu. Lakini wewe husikii vurugu. Unasikia honi ya matatu ile, pale mbele, kabla makanga hajaita, na unajua dereva amepiga honi kwa sababu kuna boda imemziba. Sasa niambie, hiyo "pale", hiyo "kabla" na hiyo "kwa sababu" zimetoka wapi?

Kant anajibu: zimetoka kwako. Nafasi na wakati ni namna yetu sisi binadamu ya kupokea mambo. Juu yake akili ina dhana 12 za msingi, sababu ikiwa mojawapo, ambazo inazitumia kupanga kila inachopokea. Hatuziokoti duniani, tunakuja nazo. Kwa hivyo Hume alikuwa sahihi kwamba sababu haionekani kwa macho, lakini si mazoea tu. Bila hiyo, uzoefu wenyewe haungekuwepo.

Ila kuna bei ya kulipa. Kwanza, tunajua vitu jinsi vinavyotutokea, si jinsi vilivyo vyenyewe. Pili, dhana zikikosa uzoefu wa kupanga, zinazunguka hewani kama gurudumu la gari lililokwama kwa matope. Jaribu kuthibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo: utapata hoja kali. Jaribu kuthibitisha kwamba haukuwa na mwanzo: utapata hoja kali pia. Kant alifananisha kazi yake na mahakama, ambapo akili inajiweka kizimbani yenyewe ijulikane ina haki ya kudai nini na haina haki ya kudai nini.

Sawa. Sasa tumlete yeye kizimbani.

Mwaka wa 1764, akiwa na miaka 40, Kant aliandika kitabu kidogo kuhusu uzuri na utukufu. Ndani yake alimtegemea Hume, ambaye kwenye tanbihi ya insha moja alikuwa ameandika kwamba anashuku watu weusi ni wa chini kwa maumbile. Kant akaongeza yake: akasimulia maneno ya mwanamume mmoja mweusi, kisha akachukua rangi ya huyo mtu kuwa ushahidi wa upumbavu wake. Niliposoma hapo mara ya kwanza, nilifunga kitabu.

Utamtetea useme 1764 alikuwa hajaandika Uhakiki. Lakini mwaka wa 1788, toleo la pili la Uhakiki likiwa limeshatoka, bado alikuwa anaandika akishusha uwezo wa watu weusi. Na Afrika hakuwahi kuikanyaga. Aliyokuwa akiwafundisha wanafunzi kuhusu bara hili aliyatoa kwa vitabu vya wasafiri.

Najua mwalimu wa falsafa ataniambia mipaka ya Kant ilikuwa ya mambo kama Mungu na roho, si ya Afrika. Ni kweli. Afrika ingeweza kujulikana, na hapo ndipo kosa linazidi kuwa baya. Ushahidi haukuwa ng'ambo ya mipaka ya akili. Ulikuwa Ujerumani.

Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu mwaka wa 1703 sehemu za Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto. Alisomea Halle na Wittenberg. Mwaka wa 1734 alitetea tasnifu ya Kilatini akisema kuhisi ni kazi ya mwili, si ya akili. Ubishi ni ule ule wa akili na milango ya fahamu! Mwaka wa 1739 alikuwa anafundisha Jena. Kant aliingia chuo kikuu 1740.

Nimtendee haki pia: mwaka wa 1795, kwenye maandishi yake kuhusu amani ya kudumu, Kant alilaani jinsi Wazungu walivyoingia nchi za watu wakiwahesabu wenyeji kuwa si kitu. Lakini maneno ya 1764 hayakufutika.

Basi, binamu, simsomi kwa sababu alikuwa mtakatifu. Namsoma kwa sababu alinipa sheria ya kumshtaki nayo: usidai kujua usichowahi kukutana nacho. Huku kwetu, Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliifanya hiyo kazi kwa miguu. Kuanzia miaka ya 1970 alienda vijijini kuwahoji wazee wenye busara, akiwauliza maswali magumu na kuwabishia, ili ijulikane wanafikiri vipi. Alienda akauliza. Hatua hiyo ndiyo Kant aliiruka.

Kitabu nimemwazima binamu. Amefika ukurasa wa tano na ameshaanza kunibishia.