Friji ya mafuta ya taa: ilikotoka na kwa nini inataka usafi

Wiki iliyopita nilipita duka moja kijijini kununua soda. Mwenye duka akaniambia, "Bwana shamba, friji imekufa. Moto unawaka lakini soda ni za moto." Ni friji ya mafuta ya taa aliyoachiwa na baba yake. Nikainama nikatazama: moto ulikuwa wa njano, na bomba la moshi limejaa masizi. Haikuwa imekufa hata kidogo. Ndugu wasomaji, leo tuizungumze mashine hii, maana ukijua ilivyobuniwa utajua pia inavyotunzwa.

Katikati ya karne ya 19 Mfaransa Ferdinand Carré alikwisha kutengeneza barafu kwa moto na amonia, ila mashine yake ilihitaji pampu. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa uhandisi huko Stockholm, Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliongeza hidrojeni ndani ya mabomba, na pampu ikawa haina kazi tena. Moto mdogo huchemsha maji yenye amonia. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa nyuma ya friji na kuwa kimiminika, kisha huingia upande wa ndani na kugeuka mvuke tena. Hapo ndipo hunyonya joto la vitu ulivyoweka. Mwisho maji huichukua amonia na safari huanza upya. Kampuni ya Electrolux iliichukua friji hiyo mwaka 1925 na kuisambaza.

Kwa kuwa inachotaka ni moto tu, mafuta ya taa yalitosha. Ndiyo maana ilifika kwenye misheni, zahanati na maduka ambako nguzo ya umeme haijaonekana. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake mkubwa wa chanjo za watoto mwaka 1974, friji za namna hii zilibeba mzigo mkubwa vijijini.

Haina mota ya kuharibika. Lakini pia haina mota ya kusukuma: kimiminika hushuka kwa uzito wake chenyewe, kwa hiyo friji ikiinama, kinakwama. Mimi nililijua hili kwa hasara. Miaka yangu ya kwanza kazini nilihifadhi chanjo ya kideri kwenye friji kama hiyo. Mtu akaisogeza apate kufagia, akairudisha mguu mmoja ukiwa kwenye kishimo. Nilipoifungua siku ya kampeni, barafu yote ilikuwa maji. Chanjo tukaimwaga, na akina mama walikuwa wamefungia kuku tangu usiku wakinisubiri. Msimu ule kideri kilipita kwenye mabanda yao. Sijasahau.

Wahudumu wa zamani waliokuwa makini walikuwa na desturi zao. Utambi unakatwa sawasawa ili moto uwe wa buluu. Bomba la moshi linapigwa brashi, maana masizi huzuia joto lisifike kwenye chombo cha kuchemshia. Maji yaliyotuama chini ya tangi yanamwagwa. Mafuta huongezwa moto ukiwa umezimwa, si vinginevyo. Wengine waliigeuza friji kichwa chini siku nzima ili vimiminika vichanganyike. Mara nyingine ilisaidia kweli. Ila ukisikia harufu kali ya amonia, zima moto, fungua milango utoke, usiguse mabomba.

Wenye friji za umeme au sola msijione mmepona. Vumbi kwenye mabomba ya nyuma hufanya kazi ileile ya masizi, kwa hiyo chomoa waya ufute, na uiache mbali kidogo na ukuta. Bana noti mlangoni: ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka.

Tukarudi kwa yule mwenye duka. Tulizima, tukasubiri ipoe, tukatoa masizi karibu kopo zima, tukakata utambi, tukaweka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja. Kesho yake mchana akanipigia simu: maji ya kwenye chupa yameanza kuganda, na yeye ameshaagiza kreti mbili.