Kupima Utofauti wa Maumbo: Hoja ya Athropodi wa Kambri

Opabinia alikuwa kiumbe wa baharini mdogo wa kutosha kulala kiganjani. Kichwani alikuwa na macho matano, na mbele ya macho hayo mkonga uliopinda wenye koleo nchani. Mwanapaleontolojia Harry Whittington alipowaonyesha wanasayansi wenzake mchoro wake huko Oxford mwaka 1972, ukumbi uliangua kicheko. Kicheko kile nacho kilikuwa kipimo: kila aliyekuwapo alitambua kwamba umbo hili limekaa mbali na maumbo aliyoyazoea. Mbali kiasi gani? Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Kisukuku hicho kilitoka katika miamba ya Burgess Shale, milimani British Columbia, Kanada, ambayo Charles Walcott aliigundua mwaka 1909. Umri wake ni takriban miaka milioni 508. Mwaka 1989 mwanapaleontolojia Stephen Jay Gould alidai kwamba bahari ile ya kipindi cha Kambri ilikuwa na mipango ya miili mingi kuliko bahari za leo, ingawa spishi zilikuwa chache. Tofauti hiyo, kati ya wingi wa spishi na wingi wa maumbo, ni ya msingi. Mbawakawa wana zaidi ya spishi 350,000 zilizokwisha kupewa majina, lakini karibu wote wamejengwa kwa ramani moja: miguu sita, na mbawa za mbele zilizogeuka kifuniko kigumu. Anayehesabu spishi ili kujua utofauti wa maumbo anapima kitambaa kwa pishi.

Derek Briggs, Richard Fortey na Matthew Wills walimjibu Gould mwaka 1992 kwa hesabu. Waliorodhesha sifa za athropodi (wanyama wenye miguu ya viungo, kama wadudu na kaa) wa Kambri na wa leo, wakakokotoa umbali kati ya mnyama na mnyama, wakakuta kwamba wale wa kale hawakutofautiana wao kwa wao kuliko wa leo, bali walikaribiana nao. Wengi waliona kesi imekwisha. Mimi naona ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa.

Tuitazame orodha yenyewe kwa karibu. Kila mnyama hupewa mstari wake, na kila sifa safu yake: ana vipapasio au hana, miguu imegawanyika matawi mawili au haikugawanyika. Jedwali la namna hii kwa kawaida huundwa ili kutafuta undugu, na katika kazi hiyo sifa aliyonayo mnyama mmoja peke yake haina faida, maana haimuunganishi na yeyote. Kwa hiyo mara nyingi huachwa. Sasa mweke Opabinia katika jedwali hilo. Mkonga wake, kitu kilichoufanya ukumbi ucheke, hauna safu. Macho yake matano yanaweza kuingia chini ya “zaidi ya mawili”, pamoja na wadudu wenye vijicho vya ziada utosini. Hesabu itatoka safi bila kosa hata moja, na umbo lenyewe litakuwa limevuja katikati ya mistari. Jedwali la undugu halifai kupimia umbo mpaka lifumuliwe na kusukwa upya.

Namna ya kujumlisha nayo ina uzito wake. Upana wa eneo zima ambalo maumbo yameenea hukua kadiri vielelezo vinavyoongezeka. Wastani wa umbali kati ya kila jozi hauyumbi kiasi hicho. Mike Foote aliyaepuka majedwali ya undugu kwa kupima mzingo wa sehemu ya kati ya ngao ya kichwa cha trilobiti, athropodi wa kale waliokwisha kutoweka, na kazi zake zilionyesha kwamba trilobiti wa Ordovisi, kipindi kilichofuata Kambri, walitofautiana kuliko wa Kambri. Matokeo hayo hayamsaidii Gould, lakini nayaamini zaidi, kwa kuwa kilichopimwa ni umbo lenyewe.

Hata tukikubali jibu la 1992 lilivyo, usawa huo si jambo dogo. Athropodi wa leo wamepata zaidi ya miaka milioni 500 ya kubadilika, tena wamekwea nchi kavu na kuruka angani. Wale wa Kambri waliwafikia kwa utofauti wakiwa bado baharini, mwanzoni kabisa mwa historia ya kundi lao. Hilo ndilo linalodai maelezo.

Kwa wanaoandaa tafiti mpya, ombi langu ni moja: pamoja na sifa mlizozihesabu, chapisheni pia orodha ya sifa mlizoziacha, na sababu ya kuacha kila moja.